Dkt. Médiatrice Ntahondi, Aliyeuliza Nani Amekula

Ndugu waombolezaji, mimi ni Egide, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Shanwe, Mpanda. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Kabla sijaanza, mjue kwamba aliacha ombi moja tu kuhusu siku ya leo: wanawake wanaopika kwenye msiba wake wale kwanza, tena wakiwa wamekaa, kabla ya mgeni yeyote kupakuliwa. Limefikia wapi, nitasema nikimaliza.

Dkt. Médiatrice Ntahondi alizaliwa tarehe 3 Septemba 1980 katika makazi ya Katumba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Dieudonne Ntahondi na mama yetu Hana, ambao walikimbia Burundi mwaka 1972. Kwetu tulikula kwa zamu. Alianza baba na wageni wake, wakafuata wavulana, kisha wasichana. Mama alisema “ndahaze”, yaani nimeshiba, hata kabla sufuria halijaepuliwa. Siku moja Médiatrice, akiwa na miaka tisa, alimuuliza mbele ya wageni ameshiba nini. Wageni walicheka, baba hakucheka, na dada akanyimwa chakula siku hiyo. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikala cha kwake. Alinitania kwa hilo maisha yake yote, na akaliandika kwenye kitabu cha utafiti wake wa uzamivu, ambamo mimi naitwa “mtoto wa kiume wa mwisho”.

Alisoma shule ya msingi Katumba kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, sekondari hapa Mpanda, kisha kidato cha tano na sita Tabora. Mwaka 2001 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea jamii na mila za watu. Baba aliuza mpunga wa msimu mzima ili asafiri, huku akilalamika kwamba huko anakokwenda atafundishwa mambo anayoyaona jikoni kila siku. Dada alijibu kwamba hayo hayo ndiyo anayokwenda kusomea.

Alianza kufundisha chuoni mwaka 2006. Mwaka 2010 alikwenda kuishi kijiji cha Kasekese kwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu, kuhusu chakula, familia na mwili wa mwanamke. Kwa mwaka mzima alizunguka nyumba mia moja na kumi na mbili akiuliza kwa adabu, kama tunavyoulizana sote: “Jana mlikula nini?” Wanawake walimjibu vizuri. Tulikula ugali na maharage, tulikula wali na dagaa. Akajaza madaftari saba, na walimu wake wakafurahi.

Mmoja wa wanawake hao aliitwa Marsela, mwenye mimba ya nne, ambaye majibu yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Mwezi Mei 2011 alianguka kisimani, akapelekwa zahanati, wakasema damu imekwisha mwilini. Dada alikaa pembeni ya kitanda na kumuuliza kwa nini alimdanganya.

“Sikukudanganya, dada,” Marsela alimwambia. “Uliuliza nyie mlikula nini. Nikakwambia walichokula. Mimi hujawahi kuniuliza.”

Marsela alifariki siku tatu baadaye, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Dada alirudi nyumba zote upya, akauliza kila mwanamke peke yake: wewe, jana ulikula saa ngapi, na ulikuwa umekaa wapi? Wengi walisema walionja mboga walipokuwa wakipika, wakahesabu kuwa wamekula. Alipata shahada mwaka 2015, lakini hakuwahi kujisamehe ile “mlikula”. Sisi nyumbani tulimwambia ni kosa la kawaida, kila mtu anauliza hivyo. Alisema ndiyo maana wanakufa.

Alirudisha matokeo Kasekese kwenye mkutano wa kijiji. Wanaume walitikisa vichwa kukubali, mwenyekiti akashukuru kwa maneno mengi, kisha chakula kikaletwa na wanaume wakanawa kwanza. Taarifa aliyoipeleka ofisi ya wilaya ilipokelewa na kupigwa muhuri. Sijasikia aliyeifungua.

Tarehe 22 Oktoba 2011 alifunga ndoa na shemeji yetu Aristide, fundi seremala, na mwaka 2013 wakampata binti yao wa pekee, Joséline. Aristide alikuwa akila jikoni pamoja na mkewe, mtaa mzima ukasema amelishwa limbwata. Mwaka 2019 mama mzazi wa Aristide alikuja kukaa nao, na shemeji akarudi mezani. Simlaumu. Mimi mwenyewe sijawahi kuondoka mezani.

Novemba 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa imeshasambaa. Alikuwa amewahimiza mamia ya wanawake wakapime, yeye akawa anaahirisha kwa sababu ya kazi. Alitibiwa Dar es Salaam, na Februari mwaka huu akarudi hapa Shanwe. Wiki za mwisho alishindwa kumeza. Majirani walikuja na uji, na yeye akawauliza kama wao wamekula, kwa sauti isiyosikika vizuri. Nilipomwambia apumzike, alinishika mkono.

“Egide, miaka kumi na tano nauliza watu,” alisema. “Hakuna hata sahani moja iliyosogea.”

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi alasiri.

Yanayofuata hamtayakuta kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu yametokea baada ya kuchapa. Jana kwenye kikao cha ukoo nilisoma ombi lake. Baba mkubwa Pontien alisema msiba una heshima zake, na mgeni aliyetoka mbali hawezi kumsubiri mpishi ale. Wengine wakaunga mkono. Nilikuwa na maneno mdomoni na sikuyasema. Baadaye nilikwenda kwa wapishi wenyewe, nikitumaini wao watakataa kupakua. Lidia, kiongozi wao, alicheka kwa upole, akasema, “Mwalimu, tutaonekanaje? Wageni kwanza.” Basi chakula leo kitatoka kama kawaida. Naona aibu kusimama hapa.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, ndugu wanne na binti mmoja, Joséline, mwenye miaka kumi na miwili. Msimtafute kwenye viti vya mbele. Tangu asubuhi yuko nyuma ya nyumba na wapishi, anaosha sahani zenu, na spika hazifiki kule. Hajasikia hata neno moja la haya niliyosoma.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi tumeshindwa.