Makapi ya Dawa Barabarani

Kwenye basi la kutoka soko la mitishamba la Bozhou, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alipakata mfuko wa mizizi ya urukususu, dawa ya mumewe anayekakamaa misuli ya miguu kila alfajiri.

"Nachemsha mara mbili, anakunywa, makapi namwaga barabarani watu wayakanyage waondoke na ugonjwa. Lakini mtaa wetu wanafagia kabla hajapita mtu!"

"Nimekukosea nini, dada, hata unipe ugonjwa wa mumeo?" mwenzake akacheka.

"Ukigawanywa kwa watu mia haumuumizi mtu."

"Na hao mia hawana wagonjwa wao nyumbani? Mwaga chooni. Kinachoponya ni alichokunywa."

"Kingeponya, ningerudi sokoni mara ya nne?"

Makapi ya dawa ya marehemu mke wangu nayo yalifagiwa hivyo hivyo, maana wakubwa wa mtaa walingoja wakaguzi wa usafi. Barabara iling'aa, mke nikamzika.

Basi liliposimama nilishuka nyuma ya yule mwenye mfuko. Mimi nyumbani sina tena wa kumpelekea ugonjwa. Nikamuuliza anakaa mtaa gani, na makapi humwaga saa ngapi.