Otilio Villafañe Barreto: Askari Mmoja, Majalada Mawili

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 13 Desemba 1930 huko Pozas, milimani Ciales, Puerto Rico, akiwa mtoto wa tano wa Don Gumersindo Villafañe na Doña Ramona Barreto. Kwa desturi ya kisiwa hiki alipewa majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata, na mtaani akajulikana kwa la baba. Wenzake walimwita Tilo. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo hakuwahi kufika mapema mahali popote, ila mezani.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1945 ili kusaidia kuchuma kahawa. Hesabu aliipenda. Kuimba darasani alipigwa marufuku na mwalimu wake, Bi. Eduviges, kwa sababu wenzake waliacha kazi wakaanza kucheza.

Januari 1951 aliitwa jeshini. Huko kambini, karani mgeni aliyedhani jina la mwisho ndilo la ukoo, kama ilivyo kwao, alimwandika Barreto. Marehemu angeweza kumsahihisha papo hapo. Lakini askari waliitwa kwenda kula kwa mpangilio wa alfabeti, na akina Villafañe walifika sufuria imebaki ukoko. Akanyamaza. Akala na akina B, akavuka bahari kama Barreto, akapigana Korea kama Barreto, na Oktoba 1952 kipande cha kombora kikamchana paja la kushoto akiwa Barreto yuleyule. Alipoachiliwa Aprili 1953, karani wa zamu alikuwa mzaliwa wa hapa kisiwani, anayejua majina yetu yanavyosomwa. Akamwandika Villafañe, sawasawa kabisa, ila akakosea tarakimu moja ya namba yake ya askari. Basi jeshini yakawapo majalada ya watu wawili: Barreto aliyekwenda vitani asirudi, na Villafañe aliyerudi bila kwenda.

Tangu mwaka 1954 hadi alipostaafu mwaka 1992 aliendesha lori la maji la mji wa Ciales. Katika kazi hiyo watu walianza kushangaa kwa nini lori lilikuwa likisimama kila wiki mbele ya nyumba moja yenye bomba lake na maji tele. Mle ndani alikuwamo Providencia Nieves Cotto, Provi wetu. Baba yake alitoka siku moja akamwambia Tilo kwamba maji yametosha, sasa alete posa. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1955, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2011 wazee hawa waliomba nafasi katika makaburi ya askari wa zamani, ambako mume na mke huzikwa pamoja. Ombi likarudi limekataliwa: Villafañe hakuonekana popote vitani, na huyo Barreto hawakujua aliishia wapi. Marehemu alicheka hadi akashika mbavu. Doña Provi hakucheka.

"Sasa nikuzike yupi, mzee?" alimuuliza. "Mimi niliolewa na yule asiyekwenda popote. Siwezi kulala milele kando ya mwanamume nisiyemjua."

Kicheko kikakatika. Kwake vita vilikuwa vimekwisha zamani na medali hakuzitaka, lakini kutenganishwa na Provi hakukubali hata kidogo. Akaanza kuandika barua. Zilirudi, akaandika nyingine. Rafiki yake wa kikosini, Práxedes Lugo wa Arecibo, aliapa mbele ya wakili kwamba mtu huyo alikuwa mbele yake kwenye foleni ya chakula vita vizima, kwamba jina lilikuwa la uongo lakini njaa ilikuwa ya kweli.

Hata hivyo haikutosha. Mwaka 2017 binti yake mkubwa, Migdalia, aliwapeleka San Juan, ambako karani mmoja msichana aliwafafanulia kwa upole kwamba jeraha la paja limo kwenye jalada la Barreto tu. Marehemu, akiwa na miaka themanini na sita, akasimama, akafungua mkanda, na suruali ikashuka mbele ya ofisi nzima.

"Binti yangu," akamwambia karani, "kovu hili ni la Barreto, na paja ni la Villafañe. Niambie yupi avae suruali arudi nyumbani."

Migdalia alitamani ardhi immeze. Daktari akaitwa, akapima kovu, akatia sahihi huku mabega yakimtikisika. Likabaki tatizo moja: fomu ilitaka jina moja la ukoo, achague. Akakataa katakata, akasema yeye hakuzaliwa na mtu mmoja.

Uamuzi ulifika Mei 2019, majalada yameunganishwa, majina yote mawili yameandikwa kwa utaratibu wake. Akachinjwa nguruwe, ukapikwa wali wa mbaazi, mtaa mzima ukaja. Lugo alipewa sahani ya kwanza, na Marehemu alimpakulia kwa mkono wake. Yeye mwenyewe alikula wa mwisho, kwa hiari yake, na jambo hilo halikuwahi kuonekana kabla wala baadaye.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Machi 2024, akiwa na miaka tisini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa Provi. Tumelia sana, na bado tutamlilia.

Ameacha mke, Doña Providencia; watoto Migdalia, Wilfredo na Zoraida; wajukuu saba na vitukuu wanne; dada yake Eleuteria; na rafiki yake Práxedes Lugo, aliyeketi safu ya mbele.

Juzi msimamizi wa makaburi alipiga simu kuuliza kama jiwe liandikwe jina moja, kama mengi ya pale. Doña Provi alimjibu mwenyewe.

"Andika yote mawili, mwanangu. Ni mtu mmoja huyo, nimelala naye miaka sitini na minane, namjua. Na hapo chini niachie nafasi yangu, ila usianze kuchonga."

Otilio Villafañe Barreto, pumzika kwa amani mahali ulipopapigania.