Bakuli Halikulia

Kwang'. Hiyo ndiyo sauti ya usiku tuliyoizoea mtaani kwetu: bakuli la bati likipinduliwa kwenye sakafu ya ghorofani, juu ya duka la Kinyozi. Paka wa Springi amemwaga maji yake ya kunywa, kama kawaida. Waliolala hugeuka upande wa pili, na Kinyozi hujua asubuhi atakuta kiti chake kimelowa. Lakini jana usiku bakuli halikulia. Ndiyo maana leo benchi letu, lililobanwa kati ya mlango wa Kinyozi na jiko la Mwenye Birika, lilijaa mapema, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, na Springi katikati yetu, amekaa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Springi ni fundi makochi. Ana mikono ya kuvunja mbao na masharubu ya kutisha wateja. Paka si wake, husema kila mara, ni wa mkewe. Na mkewe, ambaye kwetu sote ni shemeji, alikwenda kwa binti yao aliyejifungua, akaacha agizo mlangoni: paka asitoke nje, na maji yasikose. Nikirudi nisipomkuta mzima, alisema, nageuka na begi langu hivi hivi. Leo anarudi.

— Nimelipaka gundi, Springi akasema.

Breki, dereva wa malori aliyestaafishwa na macho yake, akashusha kikombe.

— Umempaka paka gundi?

— Nimelipaka bakuli. Paka sijampaka.

— Sasa paka kapakwa wapi?

— Hajapakwa popote, bwana we. Nimelipaka bakuli chini, nikalibandika sakafuni. Gundi ya makochi. Halipinduki tena.

Tukampongeza. Kinyozi alisimama kabisa kumpa mkono, maana tangu paka yule ahamie juu, mvua inanyesha dukani mwake hata wakati wa kiangazi. Kuna mteja alidondokewa na tone shingoni katikati ya kunyolewa, akadhani dari inashuka, akatimka. Hajarudi. Anatembea mjini nusu msitu, nusu uwanja.

Springi hakufurahi.

— Tangu nilibandike hajanywa hata tone. Kajichimbia ndani ya kochi langu, kwenye springi kule. Nikiingiza mkono, anauchana.

Akatuonyesha mkono. Kweli, umechanwa.

Hapo kila mtu akawa daktari. Breki alisema tatizo ni sura. Paka huona paka mwenzake ndani ya maji, na usiku kucha alikuwa akipindua bakuli kumfukuza yule mpangaji. Sasa bakuli halipinduki, mpangaji kashinda, mwenye nyumba kahamia kochini kama aliyepoteza kesi. Kinyozi akapinga. Yule ni kiumbe kijana mwenye damu ya kucheza, kafungiwa ndani mchana kutwa, hana panya, hana paa. Bakuli ndilo lililokuwa redio yake. Umemgandishia redio, sasa kagoma kula na kunywa, na akigoma mpaka jioni utazungumza na mkeo kupitia kwa wakili.

Mwenye Birika alikuwa na yake. Shangazi yake alikuwa na paka asiyekunywa ila maji ya bomba yanayodondoka, basi shangazi akaliacha bomba lidondoke, na watoto wa nyumba ile wakawa wanaoga kwa zamu baada ya paka. Kwa hiyo, akasema, huyu naye ni paka wa ukoo bora, anataka kuhudumiwa.

— Wahenga, Breki akaanza.

— Wahenga hawakufuga paka ghorofani, Kinyozi akamkata. Springi, mwite kwa jina. Paka wa ndani akiitwa hutoka.

Springi akaangalia kahawa yake.

— Silisemi.

Hilo tulilijua. Paka yule ana jina, na jina lile hatujawahi kulisikia. Shemeji huliita akiwa ndani, madirisha yamefungwa. Springi humwita paka "wewe". Breki aliwahi kuapa kwamba ni jina la mwenye nyumba. Kinyozi alikuwa akihofia ni lake. Siku moja tu Springi alitusimulia mwanzo wa jina hilo: mkewe alimuuliza kwa nini katika ndoa yote hajawahi kumwita vizuri. Naye akamjibu kwamba anamwita vizuri sana, anamwita "wewe", anamwita "sikia", anamwita "mama watoto". Kesho yake shemeji akaja na kitoto cha paka, akakipa jina alilotaka kulisikia yeye, ili mume alitamke hata kwa kumwita paka. Springi akakataa. Hawezi, alisema, mtu mwenye masharubu kama yake.

Kahawa ilikuwa imefika chini ya birika shemeji alipotokea, begi begani.

— Karibu shemeji, pole na safari.

— Nimeshapoa. Paka hajambo?

Benchi zima likaangalia vikombe. Springi akaeleza, haraka haraka, kama mtoto aliyevunja sahani, nasi tukachomekea, huyu mpangaji, huyu redio, huyu bomba la shangazi. Shemeji akatusikiliza wote mpaka mwisho.

— Katika nyinyi wote, akauliza, nani ameyanusa hayo maji?

Hakuna aliyeyanusa. Hata Springi. Pua yake imeishi na gundi mpaka haiisikii tena.

Tukapanda naye, tukajazana mlangoni. Gundi ilikuwa imepakwa kwa moyo wote, imepanda mpaka ukingoni mwa bakuli, na maji yananuka kama kochi jipya. Tena bakuli lilikuwa limebanana na sahani ya chakula. Shemeji alitoa jikoni bakuli la udongo, pana, zito, akalisuuza, akajaza maji safi, akaliweka dirishani, mbali na chakula. Akaweka jingine mlangoni mwa chumba cha kulala.

— Akilipindua hili, akasema, mpe kazi ya kukubebea makochi.

Kochi likabaki kimya. Mkia hautingishiki, sauti haitoki.

— Mwite, shemeji akasema.

— Mwite wewe, anakujua.

— Nimemwita siku zote. Leo ni zamu yako.

Springi alitutazama tuliokuwa mlangoni. Hakuna aliyeondoka, tuseme ukweli. Akapiga magoti mbele ya kochi, akanong'oneza kitu ndani ya masharubu yake, kikaishia humo humo. Ndani ya kochi springi moja ikalia. Ikalia nyingine. Paka akatoa kichwa, kimejaa pamba, akavuka chumba bila kumsalimia mtu, akainamia bakuli la udongo. Tukausikia ulimi wake majini, taratibu, muda mrefu.

— Sisi hatujasikia, Breki akalalamika.

Hakukuwa na haja ya kuita tena. Paka alikuwa akinywa. Lakini Springi aliinuka, akajipangusa magoti, akamgeukia mkewe, dirisha likiwa wazi na mtaa mzima chini yake.

— Laazizi, akasema.