Tangi la Gancho Peychev

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne iliyopita hapa mjini Sliven tulimpoteza Gancho Peychev, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Miaka sabini na tisa. Wengi mlimjua kwa ndege zake ndogo za mfano, zile zinazonguruma kama nyigu mia.

Gancho alikuwa mtu wa kushuku. Tusimpambe. Alishuku mizani ya bucha. Alishuku utabiri wa hewa, hata wa redio hii.

Mwaka 1986, asubuhi ya mashindano, alifunga tangi jipya la mafuta, la plastiki angavu, kwenye ndege yake. Ndani ya tangi mna mpira laini wa kunyonyea mafuta, wenye kipande kizito cha shaba mwishoni. Ndege ikiinama, shaba hufuata mafuta, injini ikanywa. Alimaliza, akaenda kula supu ya maharage. Aliporudi alimkuta Rusi Dimov, rafiki yake wa miaka ishirini, amechuchumaa kando ya ndege.

"Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia tu, bwana wee. Macho hayana pazia."

Ndege ikapaa. Mzunguko wa sita, injini ikazimika. Ikaanguka chali, na tangi bado lina mafuta nusu. Kombe akachukua Rusi.

Gancho hakumsemesha tena. Miaka kumi na moja, wasikilizaji. Kumi na moja! Tangi alilizungushia kitambaa, akaliweka kabatini kama ushahidi. Kwenye sanduku la vifaa alitega unywele wa mkewe, ajue nani kaligusa. Alitafuta maji kwenye mafuta, akatafuta sukari, akatafuta tundu la sindano. Hakuona kitu. Shaka ikazidi. "Yule ni fundi," alisema. "Haachi alama."

Binti yake Penka, ambaye ni muuguzi, anakumbuka: "Nilikuwa napanga kabati, nikalifungua kitambaa tangi, nikaliinua dirishani. Nikamwambia, baba, mimi nashinda na mipira ya dripu hospitalini. Huu mbona mrefu? Shaba imekwama ukuta wa nyuma, itafuataje mafuta? Akalisogeza tangi machoni. Mpira ule aliukata mwenyewe."

Mwenyewe, kwa mkono wake.

Akalichukua tangi, akaenda hadi kwa Rusi. Rusi alinisimulia Jumamosi, baada ya mazishi: "Kasimama mlangoni, kofia mkononi. 'Rusi, nimekukosea. Kosa lilikuwa mpira.' Nikamwambia, 'Najua. Siku ile niliuona. Nikanyamaza. Nilitaka kombe.'"

Gancho alikaa kwenye ngazi. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nilikuwa sahihi, mwizi wewe!"

Tangu hapo walirusha ndege pamoja, hadi vuli iliyopita. Kila mmoja alikagua tangi la mwenzake. Mara mbili.

Pole sana, Penka, na ukoo wote wa Peychev. Pole nawe, mzee Rusi.

Pale makaburini Rusi aliniuliza: "Ungekuwa wewe, ungemwambia?" Nikajibu ningemwambia. Nilijibu upesi mno. Akanitazama kwa jicho la shaka, na sikuweza kumlaumu. Swali hilo nawaachia nanyi, wasikilizaji wapendwa. Msilijibu upesi.