Kiungo Jostein Mølnvik na Mechi ya Oktoba

Mchungaji, wifi yangu Gunnvor, mwanetu Synnøve, majirani, na ninyi wa klabu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni Oddrun, dada mkubwa wa marehemu, mpishi wa nyumba ya wazee, na kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano ndiye ninayebeba mfuko wa barafu na bandeji wa timu zetu zote, za wanaume na za wanawake. Nimeomba kusoma mimi, si kwamba najua kusoma vizuri, ila ndani ya historia hii kuna jambo nimelinyamazia miaka ishirini na moja, na nisipolisema leo mbele ya jeneza lake sitalisema tena. Wifi nilimwambia jana. Ninyi wengine mtalisikia likifika mahali pake, naomba mnivumilie.

Marehemu Jostein Mølnvik alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1971, hapa hapa Torsvika, katika chumba cha juu cha nyumba yetu, kwa kuwa dhoruba ilizuia feri isivuke kwenda hospitali, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Hjalmar, fundi mitambo wa kiwanda cha samaki, na marehemu Borghild. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikatumwa kuchemsha maji, nikaunguza sufuria, na mama alinikumbusha sufuria hiyo mpaka siku zake za mwisho.

Alianza shule ya msingi Agosti 1978, akamaliza Juni 1987, akiwa mzuri wa hesabu na mbovu wa kila somo lililotaka mtu atulie, kisha akavuka kwenda sekondari mjini Bodø, akahitimu mwaka 1990. Mpira hakujifunzia huko, alijifunzia kwenye uwanja wetu wa changarawe nyuma ya kiwanda, ule ambao kila Machi kijiji kizima tulitoka na makoleo kuufukua theluji, bila malipo na bila kuitwa mara mbili, na asiyetoka alijulikana. Baba alimpa somo moja tu la mpira, alimwambia, "Ukiangushwa, inuka kabla hawajakuuliza." Sote tumelelewa hivyo, hapa mwenye homa anasema hajambo, aliyevunjika mguu anasema umeteguka kidogo, na anayelalamika tunasema huyo anajidekeza.

Mwezi Machi 1991 alisaini mkataba wa kulipwa na timu moja ya kusini, akacheza huko misimu kumi, mechi mia mbili na kumi na mbili, mabao kumi na tisa, daima kiungo wa kati, yule ambaye gazeti halimtaji lakini akikosekana timu nzima inayumba. Timu ya taifa aliitwa mara moja, Oslo, mwaka 1997, akakaa benchi dakika zote tisini, akarudi na jezi safi kama ilivyotoka dukani, na alipoulizwa dukani kwetu mambo yalikuwaje alijibu, "Benchi lao ni laini kuliko letu," watu wakavunjika mbavu. Mimi nilijua alilia garini.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Gunnvor katika kanisa hili, siku ya mvua, na bwana harusi akachechemea mpaka madhabahuni kwa sababu ya kifundo cha mguu alichodai hakimuumi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Synnøve, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1999, miezi mitatu baada ya baba yetu kufariki, na mwaka 2001 walirudi Torsvika, Jostein akawa mlinzi na mtunza majengo wa shule, na jioni kiungo wa timu ya nyumbani, bila senti, kwa mapenzi tu.

Sasa nimefika.

Jumapili tarehe 12 Oktoba 2003 ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, tukifungwa au tukitoka sare tunashuka daraja, na ninyi nyote mnaikumbuka, picha yake ipo ukutani klabuni. Dakika ya sitini na moja, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, ilipigwa kona, Jostein na beki wao wakaruka pamoja, vichwa vikagongana, na mlio wake ulifika mpaka kwenye benchi letu. Nilipomfikia alikuwa amelala macho wazi, haoni. Baadaye akakaa, akanitazama, akaniuliza taratibu, "Dada, baba amekaa upande gani leo?" Baba alikuwa kaburini mwaka wa tano.

Nilikuwa nimesoma kozi ya siku mbili ya huduma ya kwanza, na kitu kimoja walichotukazania ni kwamba mtu wa namna hiyo hachezi tena, basi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini kwenye benchi alibaki Arnfinn peke yake, paja limechanika, mwingine alikuwa zamu kwenye feri, na Jostein alinishika mkono akasema, "Usinitoe, Oddrun, utaniaibisha mbele ya watu." Nikamfuta uso kwa theluji, nikamwinulia mwamuzi dole gumba. Akarudi uwanjani, na kijiji kizima kikasimama kupiga makofi, na dakika ya themanini na nne pasi ya bao la ushindi ilitoka mguuni kwake. Wakati wa keki na kahawa klabuni aliniuliza mara tatu nani ameshinda, watu wakacheka, "Jostein na vituko vyake!" nami nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mechi ile hakuikumbuka kamwe, hata dakika moja, na nyinyi mlipomsimulia alitabasamu kwa adabu.

Dalili zilianza mwaka 2014, kwanza majina, kisha njia, hata Januari moja tukamkuta uwanjani akichora mistari ya chokaa juu ya theluji, kwa umakini, kona zote nne zimenyooka. Mei 2016 madaktari wa Bodø walisema ubongo unakufa polepole, wakati huo ana miaka arobaini na mitano. Niliwauliza kama ni ile kona, wakasema huenda, huenda pia ni mipira yote ya kichwa ya miaka ishirini, huenda ni bahati mbaya tu, hakuna anayeweza kujua. Kwa hiyo sisemi kwamba nilimuua mdogo wangu. Nasema nilijua alipaswa kutoka, na nikaogopa aibu.

Kuanzia Septemba 2020 aliishi katika nyumba ya wazee, juu ya jiko langu, nikimpikia samaki aitwaye kodi pamoja na maini yake, na uji wa mchele kila Jumamosi, yeye akiniita Mama Jikoni na kuniuliza, "Na wewe unashangilia timu gani?" Alifariki kwa homa ya mapafu Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Gunnvor akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Jana nilipomweleza wifi nilitegemea anifukuze. Alikuwa anamimina kahawa, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, akasema, "Oddrun, nami nilikuwepo. Nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele arudishwe." Tukalia pale, watu wazima wawili, kahawa inatiririka mezani hakuna wa kuifuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa shule, majirani mliofukua theluji mlangoni kwetu wiki nzima bila kugonga, na klabu. Arnfinn, wewe sasa ndiye kocha wa timu ya wanawake, umesema Jumapili kwenye mechi ya kombe mtavaa vitambaa vyeusi na Synnøve atavaa namba nane ya baba yake, asante, ni jambo la upendo. Ila Jumanne mazoezini Synnøve aligongwa kichwani, nilipomuuliza alisema, "Shangazi, niko sawa bwana, usiniaibishe," na leo asubuhi ameniuliza mara mbili jeneza linatoka saa ngapi.

Synnøve, mwanangu, nikasirikie utakavyo. Jumapili huchezi. Mfuko bado ninao mimi, na kidole hiki hakiinuki. Tukitolewa kombe, tutolewe. Tukishamzika baba yako tunapanda feri ya saa tisa kwenda kwa daktari, wewe, mama yako na mimi, kahawa ya msiba watainywa wengine. Na ninyi wa klabu, siku mwanangu huyu atakapotoka uwanjani kwa miguu yake akakae chini, nawaomba, hapo ndipo mpige makofi.

Jostein, mdogo wangu, nisamehe, na upumzike kwa amani.