Bi Jokha, Flopi Sita na Sumaku ya Sindano

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Jokha Abdulhadi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya Temeke kwa miaka thelathini na moja. Alianza kwa kukata nyuzi, akapanda hadi kuwa mkuu wa mashine ya kudarizi nembo za sare za shule. Mie niliyeanza naye bado nakata nyuzi, kwa hiyo msidhani naandika kwa kijicho. Labda kidogo.

Bi Jokha anataka kila kitu mahali pake. Ukihamisha mkasi wake, siku hiyo husalimiwi. Sindano ikidondoka, anaiwinda kwa sumaku yake nyekundu mpaka aipate. Kompyuta ya mashine ni ya enzi za flopi, vile visahani bapa vya kuhifadhia programu, naye flopi zake sita alizipanga vizuri ubavuni mwa kabati la chuma, kila mtu azione. Alizibana kwa kitu gani? Kwa sumaku. Tukamsifu.

Mwaka juzi, shule zikikaribia kufunguliwa, kompyuta ikagoma. Bosi wetu, Bwana Muhsin, akasema isipoamka kufikia Ijumaa anaiuza mashine kama chuma chakavu, nasi tutafute pa kwenda. Bi Jokha akabandua flopi zake kwa madaha, akaziingiza moja moja. Haikusomeka hata moja.

Wengine tungejificha chooni. Yeye alivaa baibui akatoka kuomba msaada. Fundi Shomari wa Sinza, bingwa wa kupiga windo, yaani kuweka upya programu za kompyuta, aliuliza zilihifadhiwa wapi. Alipojibiwa, akashika kichwa: "Sumaku? Bi mkubwa, umezifuta mwenyewe!" Bi Jokha alicheka kwanza, kisha akauliza nani mwingine anaweza kusaidia. Ndipo akaelekezwa Mbezi Luis kwa Mzee Ferdinand, fundi aliyeifunga mashine yetu zamani.

Mzee aliitikia shikamoo, akasikiliza kisa, akacheka mpaka akavua miwani. Alikuwa na nakala kwenye kopo la biskuti. Akaja nazo Temeke kwa sharti moja: yeye aelekeze, Bi Jokha aingize. "Mimi nimekula chumvi nyingi, mama. Kesho utamwita nani?"

Flopi ya nne ilikoroma, ikanyamaza. Herieth, mdarizi mwenzetu, akatoa rozari. Bi Jokha akaichomoa flopi, akaitikisa kidogo, akairudisha. Mashine ikaamka, na Ijumaa ikapita tukiwa wote kazini.

Tangu hapo ametufundisha sote kazi hiyo, hata mie niliyeingiza flopi kichwa chini ikabidi itolewe kwa koleo. Nakala sasa zimo kwenye droo ya mbao.

Asante, Bi Jokha, kwa mikono yako, kwa ukali wa mkasi, na kwa kutuonyesha kuwa anayeuliza hapungukiwi kitu. Karakana inakupa cherehani. Sie wenzako tumekufungia zawadi nyingine kwa karatasi ya maua: ile sumaku nyekundu. Mungu akupe afya na raha huko kwako Mbweni. Ukitukumbuka, njoo siku yoyote, chai ipo. Sumaku iache nyumbani.