Shujaa Asiye na Kivuli

Suruali ya mteja ilikuwa mapajani mwa mshonaji, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele cha basi, ambako kijana mtengeneza gemu alikuwa akimwonyesha bibi asiyemjua kazi yake kwenye kompyuta. "Mjukuu wangu, mbona sufuria ina kivuli na shujaa hana? Ni jini?" "Sufuria imetulia, bibi. Kivuli kinachotembea kinaikwamisha gemu, na bosi anaitaka leo." "Basi shujaa akae!" "Nani atapigana na simba?" "Simba anacho kivuli?" "Anacho, cha miguu miwili tu; ya minne inakwamisha." "Basi simba keshamshinda shujaa!"

Basi likasimama. Bibi akashuka juani, akageuka kukikagua kivuli chake. Mshonaji, mtu mzima na heshima zake, alipokanyaga chini akaruka mara moja, kuhakikisha tu kwamba chake hakikwami.